Namna ya kusoma ripoti ya mwaka ya Mganga Mkuu wa Manispaa: London, 1945 hadi 1964

Kwa zaidi ya karne moja, kila manispaa ya London ilikuwa na Mganga Mkuu wake, na kila mwaka mganga huyo aliwaandikia meya na madiwani ripoti juu ya waliozaliwa na waliofariki, maradhi yaliyotangazwa, maziwa yaliyopimwa, nyumba zilizokaguliwa na panya waliouawa. Maktaba ya Wellcome Collection imeweka mtandaoni zaidi ya ripoti 5,500 za eneo la London, za kuanzia 1848 hadi 1972, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Ukiandika Medical Officer of Health pamoja na jina la manispaa, kwa mfano Finsbury, Poplar au Bermondsey, utazipata zimepangwa kwa miaka.

Tatizo haliko katika kuzipata bali katika kuzisoma. Ripoti hizi zina majedwali mengi yanayoonekana kujieleza yenyewe, na msomaji mwenye haraka hunakili namba na kuondoka nayo. Namba hizo, hata hivyo, ni hesabu za kazi ya ofisi kabla ya kuwa hesabu za maradhi: kila moja ilitokana na fomu iliyojazwa na daktari, sampuli iliyopelekwa maabara au nyumba iliyobishiwa hodi na bwana afya. Kwa hiyo, swali la kuanza nalo mbele ya jedwali lolote ni hili: nani aliileta namba hii, na sheria gani ilimlazimu kuileta?

Jua kwanza nani alikuwa na mamlaka gani

Sheria ya 1899 iliigawa London katika manispaa 28, mbali na Jiji la kale la London, na juu yake lilikuwepo Baraza la Kaunti ya London. Mgawanyo wa kazi kati ya ngazi hizo mbili haukubaki vilevile. Tarehe ambayo msomaji hana budi kuiandika pembeni mwa daftari lake ni 5 Julai 1948, siku ambayo Huduma ya Taifa ya Afya ilianza kazi. Siku hiyo hospitali zilihamia kwenye bodi za mikoa chini ya Waziri wa Afya, na kliniki za wajawazito na watoto pamoja na wauguzi waliotembelea familia majumbani zikawekwa mikononi mwa Baraza la Kaunti. Manispaa zilibaki na mazingira: usafi, chakula, nyumba, wadudu na panya, pamoja na jukumu la kupokea taarifa za maradhi ya kuambukiza.

Mabadiliko hayo yamewapoteza wengi. Finsbury, kwa mfano, ilikuwa manispaa ndogo yenye watu maskini wengi, na mwaka 1938 ilifungua kituo cha afya kilichoweka kliniki ya kifua kikuu, ya meno na ya miguu chini ya paa moja. Anayesoma ripoti za manispaa ya namna hiyo kwa mfululizo ataona kurasa za kliniki zikipungua ghafla baada ya 1948, na huenda akadhani kwamba huduma zilifungwa. Hazikufungwa, zilihamia kwa msimamizi mwingine, na hesabu zake sasa zitafutwe katika ripoti za Mganga Mkuu wa Kaunti. Nje ya London mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa miji mikubwa yenye hadhi ya kaunti, kama vile Croydon na Brighton, ilikuwa na madaraka yote mawili. Usilinganishe kurasa za Croydon na za Poplar kana kwamba ofisi hizo zilikuwa na kazi zilezile.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba Mganga Mkuu aliajiriwa na baraza, lakini baraza halikuweza kumfukuza bila idhini ya Waziri. Ndiyo maana barua ya utangulizi mwanzoni mwa ripoti ina thamani kuliko inavyodhaniwa. Humo ndimo daktari anapolalamika kuhusu upungufu wa mabwana afya au ucheleweshaji wa kubomoa nyumba mbovu, na lugha yake ya heshima isikufiche ukali wake. Mimi huisoma barua hiyo mara mbili, kabla ya majedwali na baada yake.

Jedwali la maradhi ya kuambukiza

Sheria ya 1889 ilimtaka daktari anayemwona mgonjwa wa maradhi fulani amwarifu Mganga Mkuu, naye daktari alilipwa ada ya shilingi 2 na peni 6 kwa kila taarifa ya mgonjwa wake binafsi. Mwaka 1899 sheria hiyo ikawa ya lazima nchi nzima. Orodha ya maradhi iliendelea kurefuka: kifua kikuu na polio viliongezwa kuanzia 1912, surua na kifaduro vikawa vya kutangazwa nchi nzima wakati wa vita, 1940. Kwa hiyo ugonjwa usioonekana katika jedwali la zamani huenda ulikuwepo mitaani bila mtu yeyote kuwa na wajibu wa kuuandika.

Chukua mtoto mmoja mwenye dondakoo. Daktari wa mtaa anaona utando kooni, anashuku, anajaza fomu na kuituma ofisini. Bwana afya anakwenda nyumbani kuuliza mtoto anasoma shule gani, analala chumba kimoja na nani, na nani mwingine ameumwa koo wiki ile. Mtoto anapelekwa hospitali ya homa, yaani ya kuwatenga wenye maradhi ya kuambukiza, na matandiko yake yanachukuliwa kwenye kituo cha manispaa cha kuua vijidudu. Siku chache baadaye hospitali inaweza kujibu kwamba haikuwa dondakoo, ni mafindofindo tu. Mtoto yule sasa yumo katika safu ya taarifa zilizopokelewa, lakini hayumo katika safu ya wagonjwa waliothibitishwa. Ripoti nyingi zina safu hizo zote mbili, na anayechukua safu ya kwanza mwaka huu na ya pili mwaka ujao atavumbua maendeleo ambayo hayakutokea.

Maendeleo ya kweli yalikuwepo, tena makubwa. Kampeni ya taifa ya chanjo ya dondakoo ilianza 1940, mwaka ambao wagonjwa 46,281 walitangazwa na 2,480 walifariki. Kufikia 1957 wagonjwa walikuwa 37 na vifo 6. Katika ripoti ya manispaa moja utaona safu ikishuka hadi sifuri, na sifuri hiyo ikijirudia mwaka baada ya mwaka. Hapo soma maneno yanayoifuata, kwa sababu waganga wengi walianza kuwa na wasiwasi kwamba wazazi ambao hawajawahi kuuona ugonjwa wataacha kuwapeleka watoto kuchanjwa.

Surua inadai uangalifu wa aina nyingine. Kabla ya chanjo yake kuanza kutumika kote Uingereza mwaka 1968, ilipanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka miwili, kati ya wagonjwa 160,000 na 800,000 kwa mwaka kitaifa. Ukilinganisha mwaka wa kupanda na mwaka wa kushuka, unaweza kumsifu au kumlaumu Mganga Mkuu kwa jambo lisilomhusu. Linganisha kilele na kilele.

Kifua kikuu ndicho kigumu kuliko vyote. Kina hesabu tatu zisizochanganywa: wagonjwa wapya waliotangazwa, walio kwenye rejesta mwishoni mwa mwaka, na waliofariki. Baada ya dawa ya streptomaisini kuthibitishwa katika majaribio yaliyochapishwa 1948, vifo vilianza kushuka kwa kasi, ilhali wagonjwa wapya hawakupungua kwa mwendo huo. Sababu mojawapo ni magari ya eksirei yaliyozunguka viwandani na mitaani kupiga picha za vifua, huduma iliyoanza 1943, ambayo iliwafichua watu waliokuwa wakiumwa bila kujua. Rejesta nayo iliweza kunenepa kwa sababu njema, yaani watu waliokuwa wafe wakaishi, na kwa sababu ya wagonjwa waliohamia kutoka manispaa nyingine. Mstari unaopanda hapa haumaanishi kwamba ofisi ilishindwa.

Vivyo hivyo kuhara damu kunakoletwa na bakteria wa aina ya Sonne, kulikoenea sana katika vituo vya watoto wadogo na shule miaka ya 1950. Kwa kawaida hakukuwa kukali, na wengi hawakwenda kwa daktari kabisa. Mganga Mkuu mwenye bidii alipima kinyesi cha watoto wote wa kituo na familia zao, akapata wagonjwa wengi; jirani yake aliyesubiri fomu ofisini akapata wachache.

Vizazi na vifo

Sura ya kwanza ya takwimu huanza na makadirio ya idadi ya watu yaliyotolewa na Msajili Mkuu. Vizazi na vifo vilihesabiwa kwa makazi ya mtu, si mahali alipozaliwa au kufia, la sivyo manispaa zenye hospitali kubwa zingeonekana kama makaburi. Kando ya kiwango ghafi cha vifo, yaani vifo kwa kila watu 1,000 kabla ya marekebisho yoyote, utaona namba ndogo, kama 0.95 au 1.1, ya kuzidishia kiwango hicho. Usiiruke. Kazi yake ni kusawazisha umri na jinsia, ili mji wa pwani ya kusini uliojaa wastaafu usionekane mchafu kuliko mtaa wa bandarini uliojaa vijana.

Kuhusu vifo vya watoto wachanga, kipimo cha kitaifa kilikuwa takriban 30 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1950, na takriban 22 mwaka 1960. Tuseme manispaa yako ilikuwa na vizazi 800 na vifo 24, yaani 30 kwa 1,000, na mwaka uliofuata vifo vikawa 18, yaani 22.5. Tofauti ni watoto sita. Katika hesabu ndogo namna hiyo, chukua wastani wa miaka mitano kabla hujasema lolote.

Ripoti ya 1952 isomwe kwa jicho la peke yake. Ukungu wa moshi ulioifunika London tangu 5 hadi 9 Desemba mwaka huo ulikadiriwa wakati ule kuua watu wapatao 4,000 zaidi ya kawaida, hasa wazee na wenye maradhi ya kifua. Jumla ya mwaka mzima huficha tukio la siku tano, kwa hiyo tafuta mahali ambapo Mganga Mkuu ameeleza vifo vya Desemba wiki kwa wiki, kisha ufuatilie ripoti za baada ya Sheria ya Hewa Safi ya 1956, ambamo mitaa iliyopigwa marufuku kutoa moshi imetajwa.

Kurasa ambazo wengi huziruka

Sehemu ya mabwana afya, ambao jina lao rasmi lilibadilishwa 1956, ndiyo inayokuonyesha mitaa yenyewe. Aiskrimu ilipimwa na kupewa daraja la 1 hadi la 4, la kwanza likiwa bora. Maziwa yaliyodaiwa kuwa yamechemshwa ipasavyo yalipimwa kuhakikisha kwamba kweli yalipata moto wa kutosha. Sampuli hazikuchukuliwa kwa kubahatisha: bwana afya alirudi mara nyingi kwa muuzaji aliyemshuku, kwa hiyo asilimia ya sampuli mbaya haiwakilishi maduka yote. Hapo pia mna mitaa iliyopangwa kubomolewa, jambo la manufaa kwa anayetafuta habari za ukoo wake, maana majina ya wagonjwa hayatajwi ila jina la mtaa na namba za nyumba mara nyingi zimo.

Usiiache nayo aya fupi kuhusu kifungu cha 47 cha Sheria ya Msaada wa Taifa ya 1948. Kiliruhusu hakimu, kwa cheti cha Mganga Mkuu, aamuru mzee au mgonjwa asiyeweza kujitunza, anayeishi katika uchafu, aondolewe nyumbani hata akikataa. Aya hiyo huwa na watu wawili au watatu tu, lakini haielekei kuna mahali pengine ambapo daktari anaeleza kwa upana hivyo mashaka yake juu ya madaraka yake mwenyewe.

Unaponakili, usiamini maandishi yaliyosomwa na kompyuta. Mashine huchanganya 3 na 8, na huunganisha safu mbili. Fungua picha ya ukurasa na ujumlishe mwenyewe uone kama jumla inakubali. Simamisha mfululizo wako mwaka 1964, kwa kuwa 1 Aprili 1965 mipaka ilichorwa upya: Finsbury iliunganishwa na Islington, na Poplar, Stepney na Bethnal Green zikawa Tower Hamlets. Ukitaka kuvuka mwaka huo, jumlisha kwanza manispaa za zamani zinazounda ile mpya, mwaka kwa mwaka, ndipo uunge. Cheo chenyewe cha Mganga Mkuu wa Manispaa kilifutwa 1 Aprili 1974.