Kompyuta ya vipande kwa Z80: anza na mkuku

Somo hili naliandika Langoni, Lamu, juu ya meza ile ile ninayotengenezea redio na simu. Tutaunda kompyuta ya biti 8 kwa Z80, mikroprosesa ambayo Zilog waliitoa mwaka 1976. Kila kazi itakuwa na ubao wake: prosesa, saa (chombo kinachoipa prosesa mapigo), kumbukumbu, mawasiliano. Nimeigawa kwa sababu ya hapa kwetu. Hewa ya chumvi hula shaba, na mashine iliyolehemewa yote kwenye ubao mmoja ikizima, hujui pa kuanzia. Ikiwa vipande, wachomoa kimoja, wakisafisha, wakirudisha.

Hatua ya 1: mkuku

Ubao wa chini unaobeba soketi zote nauita mkuku, kama mafundi wa Matondoni waitavyo mti wa chini wa jahazi. Lehemu safu tano za soketi zenye matundu 40, kisha unga kila tundu na mwenzake wa safu inayofuata. Z80 ina mistari 16 ya anwani na 8 ya data. Iliyobaki ni ya stima na amri. Amua mstari upi unakaa wapi, uandike kwenye karatasi, na usiubadilishe tena. Kabla ya kutia stima, pima shoti kwa mita baina ya kila tundu na jirani yake. Kila tundu, si machache tu.

Hatua ya 2: prosesa na saa

Mguu wa 11 ni volti 5, wa 29 ni ardhi (volti 0), wa 6 hupokea mapigo ya saa, wa 26 ni RESET, wa kuianzisha upya, ambao lazima ushikwe kwenye ardhi kwa angalau mapigo matatu. Miguu ya kuikatiza au kuisimamisha prosesa, yaani INT (16), NMI (17), WAIT (24) na BUSRQ (25), iunge na volti 5, kila mmoja kwa rizista yake ya kΩ 10. Ukiiacha ikining'inia prosesa itasimama ovyo nawe utadhani imekufa. Kila chipu iwe na kapasita ya nF 100 karibu na miguu yake ya stima.

Tafuta Z84C00. Hiyo C maana yake ni CMOS, aina ya utengenezaji wa chipu, na saa yake yaweza kwenda polepole au hata kusimama bila prosesa kusahau ilipofika. Zile za zamani, za aina ya NMOS, haziwezi. Mimi nililetewa na duka moja la mtandaoni chipu iliyoandikwa CMOS. Kwa MHz 2 ilikwenda vizuri, kwa saa ya polepole ikachanganyikiwa. Nilipoipangusa kwa asetoni maandishi yakatoka yote, na chini yake kulikuwa na alama za kukwaruzwa.

Hatua ya 3: iache ihesabu

Hapa nakuomba usiwe na haraka. Bado hakuna kumbukumbu wala programu. Unga mistari yote 8 ya data na ardhi, kila mmoja kwa rizista ya kΩ 10. Sasa prosesa ikisoma popote itapata 00, na 00 kwa Z80 ni amri ya "usifanye kitu, songa mbele". Kila amri hiyo huchukua mapigo manne. Kwa hiyo anwani zitapanda moja moja, 0 hadi 65,535, kisha zirudi mwanzo.

Weka taa za LED kwenye mistari ya anwani, A0 (wa kwanza) hadi A15 (wa mwisho), kila moja na rizista ya kΩ 2.2, na utengeneze saa ya Hz 10 (mapigo 10 kwa sekunde) kwa chipu ya 555. A0 itabadilika kila sekunde 0.4, A1 kila 0.8. A15 utaingojea zaidi ya saa tatu na nusu, basi pandisha 555 hadi kHz 1 na utaiona baada ya dakika mbili na kidogo. Taa isiyowaka inakuonyesha hasa ni waya upi uulehemu upya. Mara ya kwanza nilipoziona zikihesabu nilimwita mke wangu atoke jikoni aje atazame.

Hatua ya 4: kumbukumbu

Z80 ikiwashwa huanza kusoma anwani 0, kwa hiyo ROM, kumbukumbu isiyofutika stima ikikatika, ikae kwenye anwani za chini: 28C256 ya KB 32. RAM 62256, kumbukumbu ya kazi, nayo KB 32, ikae juu. A15 ndiyo mgawanyaji. Pitisha A15 na MREQ (ishara ya Z80 ya kuitaka kumbukumbu) kwenye lango la OR la chipu ya 74HC32, utoke kwenda mguu wa CE wa ROM, unaoiamsha ukiwa sifuri. Kwa RAM fanya vivyo hivyo, ila A15 ipindue kwanza (sifuri iwe moja, moja iwe sifuri) kwa chipu ya 74HC04. Ondoa zile rizista za data.

Hatua ya 5: mawasiliano

Tumia chipu ya 68B50, inayotuma na kupokea data biti moja moja, na kristali ya MHz 7.3728. Ukigawa kwa 64 wapata biti 115,200 kamili kwa sekunde, kasi ambayo kompyuta yoyote ya leo inaielewa.

Maswali

*Kutoka Malindi:* Asalaam aleikum ami. Kwa kHz 1, taa za A7 hadi A15 zawaka hafifu kuliko A6. Nimeharibu?

Waleikum salaam mwanangu. Hujaharibu. Katika mapigo mawili ya mwisho ya kila amri, Z80 hutoa anwani ya kuburudisha kumbukumbu kwenye A0 hadi A6, na kwa jaribio hili A7 kwenda juu hushuka sifuri. Taa hizo huwaka nusu ya muda tu.

*Kutoka Shela:* Nyumba yetu iko ufuoni. Miguu yafanya kutu ya kijani kwa miezi michache.

Dada, nunua soketi zenye miguu ya dhahabu japo ni ghali. Pangusa kwa spiriti safi ya isopropili, na mashine ikae kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Vanishi paka nyuma ya ubao tu, isiguse soketi.

*Kutoka Faza:* Nina prosesa ya 6502 kwenye droo. Mkuku huu utaifaa?

Utaifaa, ndugu, ila ubao wa prosesa uuchore upya, maana amri zake za kusoma na kuandika ni tofauti. 6502 huchukua anwani ya kuanzia kutoka FFFC na FFFD, karibu na mwisho kabisa wa anwani, kwa hiyo ROM ihamie juu na RAM ishuke chini. Na kwenye hatua ya 3 usitumie 00, itaruka hovyo. Tumia EA, amri yake ya "usifanye kitu": mistari ya data D7, D6, D5, D3 na D1 kwenye volti 5, zilizobaki kwenye ardhi.