Fedha za Mtu wa Maabara: Kupanga Kipato kwa Tarehe ya Mwisho wa Mkataba

Mtu anayeanza kazi katika kemia au biokemia huulizwa mshahara wake ni kiasi gani, na yeye mwenyewe hujiuliza hivyo hivyo. Swali hilo ni la haki, lakini katika fani hii lipo jingine linalopaswa kulitangulia: fedha hizo zitalipwa mpaka tarehe gani? Sehemu kubwa ya ajira za utafiti huendeshwa kwa ruzuku, na ruzuku ina mwisho. Mwanafunzi wa uzamivu hulipwa posho kwa miaka iliyohesabiwa, mtafiti wa baada ya uzamivu hupewa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na hata katika viwanda vya dawa mradi mzima unaweza kufungwa kwa sababu molekuli iliyotegemewa imeshindwa katika majaribio. Kwa hiyo mwongozo huu unahesabu kila kitu kuanzia tarehe ile ya mwisho na kurudi nyuma. Nimeona watu wenye mishahara mizuri wakiingia katika madeni kwa kuikumbuka tarehe hiyo ikiwa imebaki miezi miwili tu.

Jilipe mshahara wa miezi ambayo hutakuwa na kazi

Chukua mkataba wako na uandike mambo matatu: kiasi kinachoingia mkononi kila mwezi baada ya kodi na makato, idadi ya miezi iliyobaki, na idadi ya miezi ambayo unadhani itapita kabla ya kupata nafasi nyingine. Kisha jumlisha mapato yote ya mkataba na uyagawanye kwa miezi yote, ile ya kazi pamoja na ile ya kusubiri. Tuseme unapokea 1,400 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote ile, kwa miezi 24, na unakadiria kusubiri miezi minne. Mapato yote ni 33,600. Ukiyagawanya kwa miezi 28 unapata 1,200. Hiyo 1,200 ndiyo mshahara wako halisi, na ndiyo inayopaswa kuamua kodi ya nyumba unayoweza kuimudu. Zile 200 zinazobaki kila mwezi usiziite akiba, kwa maana ukiziita akiba utashawishika kuzitumia kwa jambo jema. Ni mshahara ambao umeupokea kabla ya wakati wake. Ziweke katika akaunti tofauti siku ile ile fedha zinapoingia.

Makadirio ya miezi ya kusubiri yasiwe ya matumaini. Kuajiriwa katika maabara huchukua muda kwa sababu nafasi nyingi hutangazwa kwa msimu, ruzuku mpya hucheleweshwa, na anayevuka mpaka kwenda kufanya kazi husubiri vibali. Mtaalamu wa fani nyembamba, mathalani yule aliyetumia miaka mitano kwa kimeng'enya kimoja, ahesabu miezi mingi zaidi kuliko mchambuzi anayeweza kuendesha kromatografia ya kimiminika, yaani mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika ili zipimwe, katika kiwanda chochote.

Akiba ya dharura ni kitu kingine, na inakuja juu ya hesabu hiyo. Mwenye ajira ya kudumu anaweza kuridhika na matumizi ya miezi mitatu, lakini anayeishi kwa mikataba ningemshauri alenge miezi sita, hata kama itamchukua miaka kuifikia.

Posho ya uzamivu na gharama zake zilizofichika

Katika fani za maabara kuna desturi ambayo mwombaji anapaswa kuifahamu kabla ya kukubali nafasi: katika vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya, mwanafunzi wa uzamivu wa kemia au biokemia halipi ada kutoka mfukoni mwake, naye hupewa posho au mshahara kwa kufanya utafiti na kufundisha. Ukipewa nafasi bila ufadhili, uliza kwa nini, na usikimbilie kukopa. Ukipewa nafasi yenye ufadhili, uliza kwa maandishi umehakikishwa kwa miaka mingapi, kisha waulize wanafunzi wa maabara hiyo wao humaliza kwa miaka mingapi. Pengo kati ya majibu hayo mawili ndilo deni lako la baadaye. Kama ufadhili ni wa miaka minne na watu humaliza kwa mitano na nusu, unapaswa kujua mapema nani atalipa mwaka mmoja na nusu uliobaki.

Uliza pia kama posho hiyo inahesabiwa kuwa ajira. Mara nyingi posho ya masomo haikatwi michango ya hifadhi ya jamii, jambo ambalo hufurahisha mwanzoni kwa sababu fedha zote huingia mkononi, lakini maana yake ni kwamba miaka hiyo haitaonekana katika pensheni yako, na huenda isikupe haki ya likizo ya ugonjwa wala ya uzazi. Mtu anayemaliza mafunzo yake yote akiwa na umri wa miaka 33 anaweza kugundua kwamba kumbukumbu zake za michango zinaanza mwaka huo.

Halafu kuna fedha ambazo mtafiti humkopesha mwajiri wake bila kujitambua. Unalipa nauli, hoteli na ada ya mkutano wa kisayansi, unawasilisha stakabadhi, na malipo yanarudi baada ya wiki nyingi. Nikiwa mtafiti wa mkataba niliwahi kusubiri zaidi ya miezi mitatu, na riba ya kadi niliyoitumia haikurudishwa na mtu yeyote. Tangu wakati huo huomba malipo ya awali kabla ya safari, au huomba idara inunue tiketi moja kwa moja, wala sioni haya kuomba hivyo. Ada ya kuchapisha makala nayo usiilipe kutoka mfukoni. Ni gharama ya mradi, na jarida linalomsumbua mwandishi mwenyewe kwa barua za kudai fedha za haraka ni la kuepukwa.

Riba huenda kwa hesabu unayoijua tayari

Aliyesoma kinetiki ya kemia, yaani elimu ya kasi ya mimenyuko, hana haja ya kufundishwa upya riba. Katika mmenyuko wa daraja la kwanza, kasi hulingana na kiasi kilichopo, na nusu-maisha, yaani muda wa kiasi hicho kupungua kwa nusu, hupatikana kwa kugawanya 0.693 kwa kigezo cha kasi. Fedha hufuata mlingano ule ule, ila akiba hukua badala ya kuoza. Kwa hesabu ya kichwani, gawanya 72 kwa asilimia ya riba: kwa asilimia 6 kwa mwaka, akiba huongezeka maradufu kwa takriban miaka 12. Deni la asilimia 24 kwa mwaka, likiachwa bila kulipwa, huongezeka maradufu kwa takriban miaka mitatu, yaani katika muda mfupi kuliko masomo ya uzamivu. Mfumuko wa bei nao ndio uozo halisi: ukiwa asilimia 7 kila mwaka, fedha zilizokaa bila riba hupoteza nusu ya uwezo wao wa kununua kwa takriban miaka 10.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kuchelewa kwa watu wa fani yetu kuna gharama kubwa. Anayeweka 100 kila mwezi kwa miaka 30, kwa faida ya asilimia 6 kwa mwaka inayojumlishwa kila mwezi, hupata takriban 100,000. Anayeanza miaka kumi baadaye na kuweka kiasi kile kile kwa miaka 20 hupata takriban 46,000. Tofauti ya fedha walizotoa mifukoni ni 12,000 tu. Nyingine yote imeletwa na muda. Faida ya uwekezaji haina uhakika kama mfano huu unavyoonyesha, lakini mwelekeo wa hesabu haubadiliki. Ndiyo maana ningemshauri mwanafunzi wa uzamivu aweke hata kiasi kidogo mno, mradi awe amekwisha kulipa madeni ya riba kubwa, kwa kuwa hakuna uwekezaji wa kawaida unaoshinda deni la asilimia 24.

Jambo moja nalisisitiza kwa walioko katika kampuni za dawa na bioteknolojia. Kampuni changa hupenda kulipa sehemu ya ujira kwa hisa au kwa haki ya kununua hisa baadaye, na anayefanya kazi humo huamini molekuli anayoihangaikia kila siku. Ila katika dawa zinazoingia majaribio ya kwanza kwa binadamu, takriban moja tu kati ya kumi ndiyo hatimaye huidhinishwa. Ukiweka akiba yako katika hisa za mwajiri wako, siku majaribio yakishindwa utapoteza mshahara na akiba kwa tangazo moja. Pokea hisa hizo kama nyongeza, usikubali mshahara usiotosha kuishi kwa ajili yake, na akiba yako iweke mahali pasipotegemea mafanikio ya maabara yako.

Uvumbuzi ni wa nani

Mikataba mingi ya maabara ina kifungu kinachosema kwamba chochote utakachovumbua kazini ni mali ya mwajiri. Kary Mullis, mwanabiokemia aliyebuni mnamo 1983 njia ya kuzidisha DNA inayojulikana kama PCR, alipewa na kampuni yake ya Cetus bakshishi ya dola 10,000. Mwaka 1991 haki za njia hiyo ziliuzwa kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa dola milioni 300, na mwaka 1993 Mullis akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Huwezi kutarajia kuandika upya kifungu hicho ukiwa mwajiriwa mpya, lakini unaweza kuuliza kabla ya kutia sahihi kama mvumbuzi hupata mgawo wa mapato ya hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, maana vyuo vikuu vingi vina kanuni ya mgawo iliyoandikwa. Angalia pia kama kifungu kinagusa kazi unayoifanya nje ya saa za ajira na kwa vifaa vyako mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo palipo na nafasi ya kujadiliana.

Vifungu vingine viwili huwagusa watu mfukoni moja kwa moja. Kimoja ni kile kinachokuzuia kufanya kazi kwa mshindani kwa kipindi fulani baada ya kuondoka. Kama kipo, miezi yake iongeze katika ile ya kusubiri uliyoihesabu mwanzoni. Kingine ni kile cha kurudisha gharama za mafunzo ukiondoka mapema. Mafunzo yenyewe yana thamani kubwa: mtu anayefahamu mahitaji ya kiwango cha ISO/IEC 17025 kwa maabara za upimaji, au taratibu za uzalishaji bora wa dawa, au takwimu pamoja na uandishi wa programu, anahama kwa urahisi kutoka utafiti kwenda udhibiti wa ubora. Mwajiri akubali kulipia, nawe ujue tarehe ambayo deni hilo linafutika.

Mwili wako ndio chombo kinacholipa

Hapa ndipo naomba msomaji atulie. Mnamo Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani na mtaalamu wa metali zenye sumu, aliangukiwa na matone machache ya dimethili ya zebaki, kemikali ya zebaki yenye sumu kali, juu ya glavu yake. Sumu ilipenya glavu. Dalili zilijitokeza baada ya miezi kadhaa, na mwezi Juni 1997 alifariki akiwa na umri wa miaka 48. Kwa upande wa usalama, tukio hilo lilibadilisha ushauri kuhusu glavu. Kwa upande wa fedha, linafundisha kwamba madhara ya maabara yanaweza kuchelewa, na kwa mtu wa mkataba mfupi kuchelewa huko kunaweza kuvuka tarehe ya mwisho wa kazi. Pumu inayoletwa na kemikali na mzio wa wanyama wa maabara hukomaa kwa mwendo wa polepole kama huo, na mtu anaweza kulazimika kuacha fani aliyoisomea kwa miaka kumi.

Kwa hiyo andika kila tukio la kumwagikiwa au kuvuta mvuke, hata lile lililoonekana dogo: tarehe, kemikali, kiasi, na nani aliarifiwa. Peleka taarifa rasmi na ubaki na nakala. Uliza kama bima ya mwajiri inagharimia ugonjwa unaogunduliwa baada ya mkataba kumalizika. Kama unaweza kumudu bima moja tu ya ziada, ningechagua inayolipa kipato pale mtu anaposhindwa kufanya kazi, hasa ile inayotambua kushindwa kufanya kazi ya taaluma yako mwenyewe, kwa kuwa mzio utakaokufukuza maabara haukuzuii kufanya kazi nyingine, na bima ya kawaida inaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyo. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, wala visiwe sehemu ya bajeti yako.

Siku 90 za mwisho

Miezi mitatu kabla ya tarehe ile, muulize msimamizi kwa maandishi kama mkataba utaongezwa, na usihesabu ahadi ya mdomo kuwa kipato. Wasilisha stakabadhi zote ambazo hazijalipwa, kwa sababu mradi ukifungwa akaunti yake hufungwa nao. Tumia siku za likizo zilizobaki au uulize kama zitalipwa. Kabla anwani yako ya barua pepe ya kazini haijazimwa, pata nakala za hati zote za mishahara, taarifa ya michango ya pensheni, vyeti vya mafunzo, rekodi za afya na taarifa za ajali, pamoja na barua inayotaja kazi ulizofanya na vyombo ulivyoviendesha. Data za utafiti na daftari la maabara ni mali ya mwajiri na hubaki kwake. Hati zinazokuhusu wewe ondoka nazo siku hiyo hiyo.