Kumuuguza ndugu aliyevunjika paja: mwongozo kwa wanaoshika zamu wodini

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ndugu yake amepata ajali ya bodaboda au gari, paja limevunjika, na sasa yuko wodi ya mifupa, mguu unavutwa kwa uzito. Mtu mzima hulala hivyo wiki 6 hadi 12. Nimeuguza hivyo nyumbani kwetu, na juzijuzi nimemsaidia jirani ambaye kijana wake alilazwa hapa Dar es Salaam. Mfupa una madaktari wake. Kinachobaki mikononi mwetu sisi ndugu ni ngozi, choo, chakula na moyo wa mgonjwa. Ngozi ndiyo huharibika upesi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hatua ya 1: Karatasi

PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ichukuliwe mapema kituoni, ipigwe picha. Andikeni namba ya usajili ya chombo kilichomgonga. Bima ya chombo hicho inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima.

Hatua ya 2: Muulize daktari kama atapasuliwa

Mguu ukiwekewa chuma ndani ya mfupa, wengi huanza kusimama kwa magongo baada ya siku chache. Kuna chuma kiitwacho SIGN, kilichobuniwa kiwekwe hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei, na MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wamekitumia kwa miaka mingi. Daktari akisema mgonjwa anafaa, michango ya ukoo iende huko kwanza, mengine yafuate.

Hatua ya 3: Zamu na daftari

Msemaji wa familia kwa madaktari awe mmoja. Kundi la WhatsApp lina kazi yake, ni la michango na kupanga zamu. Ila habari za mgonjwa ziandikwe kwenye daftari la karatasi linalokaa kitandani: ameinuliwa saa ngapi, amekunywa nini, amepata choo lini, daktari kasema nini. Anayeingia zamu husoma kabla hajaketi.

Pangeni pia kwa heshima. Kijana hataki kuogeshwa na mama mkwe wala shemeji, na hatasema. Atakataa tu kuoga. Tafuteni kaka au mjomba wa kazi hiyo, wengine walete chakula.

Hatua ya 4: Ngozi

Mgonjwa asipojigeuza, nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na kidonda huanza ndani kabla hakijaonekana juu. Kikifunguka, kinaweza kumbakiza wodini hata mfupa ukiwa umeshaunga. Linda mgongo wa chini panapoanza matako, visigino vyote viwili, viwiko na kisogo. Kisigino cha mguu mzima, usiovunjika, husahaulika, na ndicho anachojisukumia siku nzima.

Kukagua. Utaambiwa utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu ni shida kuuona. Tafuta doa lililokolea au lenye rangi ya zambarau kuliko ngozi ya pembeni, au linalong'aa. Kisha pitisha mgongo wa kiganja. Pakiwa pa moto au pa baridi kuliko pembeni, pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, kidonda kimeshaanza. Mgonjwa akisema panauma, mwamini. Asubuhi kagua kwa mwanga wa dirisha, usiku kwa tochi ya simu, uimulike kwa ubavu ili uone mng'ao.

Kumwinua, kila baada ya saa 2. Mgonjwa wa kuvutwa hageuzwi ubavu mzima, maana ukimbiringisha unaupinda mfupa unaotaka kuunga. Ashike mpini unaoning'inia juu ya kitanda, akunje goti la mguu mzima, akanyage godoro, anyanyue matako. Abaki hewani kadiri awezavyo, apumzike, arudie. Hapo ndipo unapopata nafasi ya kumkagua, kumkausha na kunyoosha shuka.

Asiye na nguvu huinuliwa na watu wawili kwa kanga. Tumia kanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, uikunje mara mbili, ilale chini yake toka mabegani hadi mapajani. Kitenge kipya sikipendi hata kidogo, ni kigumu na hakinyonyi jasho. Kila mmoja akunje pindo la upande wake mpaka ngumi zifike karibu na mwili wa mgonjwa, mhesabu, mnyanyue pamoja. Msimburute. Ukiburuta, ngozi inang'ang'ania shuka wakati mfupa unasogea, na hapo nyama inachanika kwa ndani. Mara ya kwanza mfanye nesi akiwepo. "Sista, samahani, naomba utuonyeshe tumwinueje bila kuugusa mguu." Ukiomba hivyo, wengi huja, na akija atauangalia na mguu pia.

Visigino. Mto mwembamba chini ya kigimbi (shavu la mguu), kisigino kielee bila kugusa godoro. Mguu unaovutwa mwachie nesi aupange. Glavu zilizojazwa maji na pete za mpira utashauriwa na majirani wa wodini. Kataa kwa upole. Glavu haiondoi uzito, na pete hubana damu kuzunguka pale pale unapotaka kupaponya.

Kusugua. Usisugue doa, wala usipake spiriti. Spiriti hukausha ngozi, na kusugua huumiza nyama iliyokwisha kuumia. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando kidogo. Kama kuna shuka la mpira kitandani, lisigusane na mgongo, tandika kitu cha pamba juu yake. Makombo ya mkate yakung'utwe kila baada ya kula.

Ukiona doa, asilalie hapo tena, mwambie nesi saa ile ile, andika.

Hatua ya 5: Uzito

Uning'inie huru, usiguse sakafu wala chuma cha kitanda. Mgonjwa akiteleza kuelekea miguuni, mvuto unapotea, kwa hiyo mpandisheni kwa kanga. Mgeni mwenye huruma asiunyanyue "apumue kidogo".

Hatua ya 6: Choo na chakula

Wengi hupunguza kula na kunywa kwa aibu ya kuomba chombo cha kujisaidia. Na dawa za maumivu kama tramadol hufunga choo. Mpe chombo kwa saa maalumu bila kungoja aombe, vuta pazia, watoe wageni. Mayai, dagaa, maharage, maziwa, mchicha, papai, na maji ya kutosha. Supu ya mifupa anywe akipenda, ila nyama aile.

Hatua ya 7: Mazoezi na dalili za kukimbilia nesi

Kila saa akiwa macho achezeshe vifundo vya miguu na avute pumzi ndefu. Mwombe avute vidole kuelekea usoni. Akishindwa, sema mara moja. Mguu ulioangukia nje hubana mshipa wa fahamu ubavuni mwa goti. Mwite nesi pia ukiona kigimbi kimevimba na kuuma, vidole vya baridi au vilivyokufa ganzi, usaha kwenye tundu la chuma kinachovuta mguu, homa. Kifua kikibana ghafla, piga kelele.

Hatua ya 8: Wiki ya tatu

Hapo ndipo shangazi mmoja husema, "Tumtoeni tumpeleke kwa mtaalamu wa mifupa kijijini." Mjibuni kwa adabu, ila msimtoe. Paja likikazwa kwa vijiti na kamba, damu inaweza kukatika na mguu ukaoza. Mpelekeni shangazi wodini akamwone daktari, asikie mwenyewe. Mgonjwa naye ameanza kukata tamaa. Mpeni kazi: redio, hesabu za duka lake, simu za wateja.

Hatua ya 9: Kabla ya kuruhusiwa

Tafuta magongo ya kimo chake. Kama choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, toboa kiti imara cha plastiki katikati. Na muulize daktari lini ataanza kuukanyagia mguu na kwa kiasi gani, uandike jibu kwenye daftari mbele yake.