Utando wa seli kwa betirave moja ya soko la Kadutu

Kila mwaka wanafunzi wangu hapa Bukavu wanakariri "tabaka mbili za fosfolipidi" kwa ajili ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, na hakuna aliyewahi kuuona utando, ngozi nyembamba inayoizunguka seli, ukifanya kazi. Hadubini hatuna. Betirave (bitiruti) tunazo.

Nunua moja mbichi, ngumu. Kata vipande vinne, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba, kisha vioshe kwa maji baridi tena na tena mpaka maji yasitoke na rangi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kisu kimepasua seli za pembeni na rangi yake imemwagika. Usipoiosha, glasi zote zitakuwa nyekundu na hutajua lolote.

Kipande cha kwanza kiweke kwenye maji baridi. Cha pili kwenye maji yaliyotoka kuchemka juu ya mbabula. Cha tatu kwenye alkoli ya famasia, mbali kabisa na makala yanayowaka. Ngoja dakika 20.

Maji baridi yatabaki karibu vilevile. Kwenye ya moto, tazama kwa karibu: nyuzi nyekundu zinashuka taratibu kutoka kwenye kipande, zinatanda chini ya glasi, halafu zinapanda. Alkoli nayo inageuka nyekundu.

Sasa toa kipande cha maji ya moto ukibonyeze. Bado kimeshikana! Ukuta wa seli, ganda gumu la nje ya utando, upo, lakini rangi imetoka. Basi aliyekuwa akiizuia si ukuta, ni utando, wenye unene wa nanometa 7 hivi tu. Vichwa vya fosfolipidi vinapenda maji, vinatazama nje na ndani. Mikia ya mafuta imejificha katikati. Rangi hii inapenda maji, kwa hiyo haipenyi mafuta. Joto kali huvuruga mafuta hayo na protini zilizochomekwa humo, alkoli huyayeyusha.

Kipande cha nne kinyunyizie chumvi: kitatoa maji na kulegea. Maji yana milango yake, protini ziitwazo akwaporini. Peter Agre alipata Tuzo ya Nobel kwa kuzigundua, mwaka 2003.

Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na chumvi ina mlango wake?" Nikamchorea ubaoni pampu iliyo kwenye seli za mwili wake mwenyewe: ioni 3 za sodiamu, ile iliyo kwenye chumvi, zinatolewa nje, ioni 2 za potasiamu zinaingizwa, kwa gharama ya ATP moja, molekuli inayobeba nishati ya seli. Aliinakili kwenye daftari, akaanza kuhesabu chaji zilizobaki kila upande.