Masika yakikata umeme: namna ya kuendelea na kazi ya kompyuta nyumbani

Mie kazi yangu naifanyia nyumbani, Chake Chake. Napiga chapa ripoti na tasnifu za wanafunzi, nazipanga, kisha nazituma Unguja na Dar es Salaam kwa intaneti. Masika yakishaingia, Machi hadi Mei, umeme hautulii. Watu hulaumu waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme Pemba kutoka Tanga tangu 2010, lakini ukatikaji mwingi ninaouona siku za mvua ni wa hapa hapa: tawi la mwembe limelalia waya, kuti limeanguka, nguzo imeinama kwa udongo kulegea. Hukaa saa mbili, saa tano, mara nyengine kutwa. Kwa hiyo unachohitaji ni akiba ya masaa, na akiba ya masaa haihitaji fedha nyingi.

Anza na rauta. Wengi wakisikia akiba ya umeme wanawazia betri kubwa na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na kumbe rauta ndiyo inayokula kidogo kuliko vyote. Geuza chaja yake usome maandishi madogo. Yangu imeandikwa 12V 1A: zidisha, unapata wati 12, na huo ndio upeo wake. Kwa kawaida hula sita hadi nane tu. Madukani kuna visanduku vya betri vinavyoitwa UPS ya rauta. Kimoja kinakaa kati ya chaja na rauta, kinajichaji chenyewe, na umeme ukikatika rauta haizimi hata kidogo.

Usikinunue kabla ya kulinganisha volti. Rauta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza. Tazama na ule mchoro mdogo wa duara unaoonyesha chanya iko katikati au nje, tena nenda dukani na rauta yenyewe ujaribishe pini, kwa sababu zipo zinazofanana kwa macho lakini tundu moja ni pana kuliko jengine. Halafu kuna hesabu inayowapoteza wanunuzi. Kisanduku kimeandikwa 10,000 mAh, kipimo cha ujazo wa betri, na mtu anadhani ni kwa volti 12. Namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri iliyomo ndani, kwa hiyo jumla ni kama wati-saa 37 (wati-saa moja ni wati moja kwa saa moja), na ukiondoa kinachopotea njiani zinabaki kama 30. Rauta ya wati 7 itakwenda saa nne. Ukiambiwa siku nzima, piga hesabu hiyo mbele ya muuzaji.

Laptopu tayari ina betri yake, na kwa kazi ya kuandika hula wati 10 hadi 20, ingawa chaja imeandikwa 65. Punguza mwanga wa skrini, funga kurasa usizozitumia. Kama inachajiwa kwa tundu la USB-C, pawabenki ya 20,000 mAh inaweza kukuongezea karibu chaji nzima, ila lazima iwe ile inayotoa wati 45 au 65. Pawabenki ya kawaida ya simu haitaisukuma.

Kompyuta ya mezani ina mambo yake. Pamoja na skrini hula wati 100 hadi 150, na UPS ya kawaida ya 650VA ndani yake mna betri ndogo ya volti 12, 7Ah (yaani 7,000 mAh). Hiyo inakupa dakika 10, ikizidi sana 20. Ichukue kama muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa salama, na kwa hilo ina thamani kubwa, maana faili likikatwa katikati ya kuhifadhiwa huweza kuharibika lote. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS kabisa. Inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mara moja. Na joto letu linakula betri hizi: betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. UPS iweke sakafuni penye kivuli na hewa, mbali na dirisha linalopiga jua la alasiri.

Ikiwa kazi yako lazima iwe ya mezani, hapo ndipo inveta inapoingia. Betri ya risasi ya volti 12, 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini usiimwage zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Ukitoa na inachokula inveta, zinabaki kama 500: kompyuta ya wati 120 saa nne hivi. Betri ya lithiamu ya fosfeti inakubali kumwagwa hadi asilimia 80 au zaidi, na ndiyo maana bei yake, ingawa inauma siku ya kwanza, naiona ina haki. Betri ya gari usiitumie. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Mwambie fundi aweke fyuzi karibu kabisa na betri, na waya mnene, kwani wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50. Vichwa vya betri vipake grisi, maana hewa ya chumvi huku kwetu inavila haraka. Betri za maji zinatoa gesi inayowaka, basi zisikae chumba cha kulala wala karibu na jiko. Na kama unategemea sola, ipimie kwa siku ya wingu zito la Aprili.

Sasa jambo ninalolisisitiza kwa kila jirani: kurudi kwa umeme kunaunguza vitu kuliko kuondoka kwake. Ukikatika, kwanza hakikisha si tukuza yako, yaani umeme wa kulipia kabla, iliyokwisha, kisha chomoa kila kitu cha thamani. Ukirudi, ngoja dakika kumi. Mara nyingi unakuja, unakatika, unakuja tena na volti isiyotulia, na kila mruko ni pigo. Kwa asiyekuwapo nyumbani, kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha kinafanya kazi hiyo.

Radi ni jengine. Hakuna UPS itakayozuia radi iliyopiga karibu. Ukisikia ngurumo, chomoa plagi ukutani, chomoa na waya wa antena unaotoka juu ya paa, ufanye kazi kwa betri tupu. Waya wa faiba wenyewe ni kioo, haupitishi radi, lakini chaja ya kile kisanduku chake inaipitisha kupitia ukutani.

Ukiwa na jenereta, iwashie nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua bila ya harufu ya kukutahadharisha. Na kamwe usiipachike kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo unatoka hadi kwenye nguzo, ambako kuna mtu amepanda kututengenezea. Weka swichi ya kubadilishia kati ya jenereta na umeme wa nguzo, ifungwe na fundi mwenye leseni.

Minara ya simu nayo inaishi kwa betri na jenereta, na katizo likirefuka huzimika. Weka laini ya kampuni nyengine kwenye simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, kama ilivyotoa kabla ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, tuma kazi zote siku hiyo hiyo na pakua utakazozihitaji.

Februari, kabla mvua haijaanza, chomoa chaja ya rauta makusudi na uangalie saa mpaka izime. Muda utakaoupata uandike kwenye karatasi, uibandike juu ya kisanduku, ili yeyote aliye nyumbani ajue ana masaa mangapi.