Choo cha ghorofani Mji Mkongwe: njia ya kuomba kibali kabla ya kumwita fundi

Shangazi yangu alitaka choo ghorofani. Umri umekwenda, ngazi ya nyumba yake ya mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, imesimama kama mnazi, na kushuka uwani usiku kwake ni hatari. Fundi alikuwa tayari kuanza Jumamosi. Tukamzuia, tukaenda kuomba kibali kwanza. Njia tuliyopita naieleza hapa kwa yeyote mwenye nyumba ya zamani anayetaka kuongeza chumba, kuvunja ukuta au kubadilisha paa.

Nyumba ikiwa ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, mlango wa kubisha ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Ilianzishwa 1985, na sheria yake ni ya 2010. Ukiwa nje ya mipaka hiyo, kama Jang'ombe au Fuoni, anzia baraza lako la manispaa. Nenda mikono mitupu siku ya kwanza, ueleze unachotaka kufanya, uulize fomu, ada na idadi ya nakala za mchoro. Uliza pia nyumba yako imeorodheshwa kwa daraja gani, maana hilo ndilo linaloamua utaruhusiwa kugusa nini. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo uso wa nyumba unaotazama njia huangaliwa kwa jicho kali: mlango wa nakshi, madirisha, roshani, hata baraza ya nje.

Halafu karatasi za umiliki. Hapa ndipo watu wengi wanapochoka. Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi, na mmoja yuko Maskati, mwengine Dar es Salaam. Pata ridhaa yao kwa maandishi mapema, kabla mchoro haujakugharimu. Mpangaji hawezi kujiombea tu: nyumba ya wakfu inapitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ya Serikali inapitia taasisi inayoisimamia. Mpitie na Bwana Sheha, kiongozi wa shehia yako, na jirani mnayegawana kiambaza. Kaa naye barazani umweleze. Akisikia nyundo kabla ya kukusikia wewe, ugomvi hautakosekana.

Sasa mchoro, na hapa nakuomba usifanye haraka. Mtafute mchoraji anayezijua nyumba za mawe. Apime nyumba ilivyo, kisha achore itakavyokuwa, kwa mbele na kwa mkato, aweke na picha za kila upande. Na kabla hajachora, ikaguliwe. Kwa shangazi, fundi alibandua lipu kidogo chini ya dari, akachomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti. Ikazama mpaka mpini, ukamwagika unga mweusi. Miaka ya nyuma mtu aliupiga ukuta huo saruji kwa nje. Kuta za matumbawe na udongo hunyonya maji na kuyatoa. Chokaa inayaachia, saruji inayafungia ndani, na boriti iliyozikwa ukutani ndiyo inayooza. Tungejenga choo juu ya dari ile, tungemjengea mtego.

Basi mchoro wetu ukabadilika. Boriti mbovu zitolewe kwanza. Choo kikae juu ya bafu la chini, si upande wa njiani, ili mabomba yashuke uwani moja kwa moja. Mabomba yapite nje ya ukuta, yasichimbiwe ndani, likivuja moja lionekane siku hiyo hiyo. Kizigeu kiwe cha mbao, si cha tofali, na pasimwagwe zege nzito juu ya boriti. Lipu iwe ya chokaa. Na kama una ndoto ya kuunganisha vyumba viwili, kumbuka kwa nini vyumba vya mjini ni vyembamba, kiasi cha mita 3: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Ukuta unaoutaka uondoke huenda ndio uliobeba dari na wajukuu waliolala juu yake.

Ukishawasilisha, wakaguzi watakuja kuiona nyumba. Uwepo mwenyewe, au umweke mtu anayejua kila chumba. Wakikupa masharti, yasome na fundi mkiwa pamoja, kifungu kwa kifungu, kwa sababu yeye ndiye atakayeshika nyundo. Usianze hata kubomoa hadi kibali kiwe mkononi, na nakala yake ikae pale kazini. Kazi ikifichua jambo jipya, rudi ofisini na mchoro uliorekebishwa.

Pesa ya miti ya kutegemezea dari isikatwe. Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, ilikuwa kwenye ukarabati sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili walifariki. Na paa usilifungue ukikaribia masika. Mvua ya Aprili haingoji fundi amalize.

Kazi ikiisha, omba ikaguliwe. Kibali, mchoro wenye mhuri na picha za boriti zilizobadilishwa tumeziweka bahasha moja na hati ya nyumba, kwenye kasha la shangazi.