Anapomwaga vizibo: somo kwa walimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu

Walimu wenzangu, nitaeleza kwa mfano wa mwanafunzi wangu mwenye usonji. Haongei. Kila nilipotoa vizibo vya soda vya kuhesabia, alivimwaga na kujing'ata mkono.

Hatua ya 1. Kabla ya yote, mkague mwili: meno, masikio, njaa, choo, dawa za kifafa kama anatumia. Mtoto asiyeongea hawezi kukwambia jino linamuuma.

Hatua ya 2. Kwa siku tano andika kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata. "Mkorofi" usiliandike, halikufikishi popote. Andika: "Saa 4:10 nimeweka vizibo, amevimwaga, nimemtoa nje." Daftari ndilo lililonifumbua macho. Kila alipomwaga nilimtoa nje, na kutoka ndiko alikokuwa anakutaka. Nilikuwa namfundisha kumwaga!

Hatua ya 3. Mfundishe namna nyingine ya kuomba kilekile. Watafiti Carr na Durand walilionyesha hili Marekani mwaka 1985: mtoto akijua kuomba, fujo hupungua. Nilikata kadi kwenye boksi, nikachora mkeka. Akiigusa, anapumzika mkekani dakika mbili, kisha tunarudi kwenye vizibo vitano, si ishirini. Mwanzoni nilimwongoza mkono kuigusa kabla hajapandisha hasira. Tafadhali shikeni hili: kadi hufundishwa mtoto akiwa ametulia. Akishachafukwa, hasikii somo.

Siku chache za kwanza fujo inaweza kuzidi. Usirudi nyuma.

Maswali

*Nina watoto 18, niko peke yangu. Nitaandika saa ngapi?*
Chagua mtoto mmoja na kipindi kimoja tu, kile kinachokushinda. Neno moja moja linatosha.

*Akianza kupiga wenzake?*
Wasogeze wenzake, usimvute yeye. Punguza maneno, simama ubavuni, usimkabili uso kwa uso.

*Na fimbo, mwalimu?*
Hapana. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, lakini hata pasipo sheria, fimbo haimwonyeshi namna ya kuomba kupumzika. Inamwongezea hofu juu ya vizibo.

*Mama yake anasema nyumbani hafanyi hivyo.*
Mwamini, halafu muulize nyumbani anakaa wapi na nani yuko karibu. Mama wa huyu wangu aliniambia mwanawe hula akiwa ameegemea ukuta, mbali na mlango. Nami nilikuwa nimemkalisha mlangoni kabisa, watu wakipita nyuma yake kutwa. Nikamhamishia ukutani siku hiyohiyo.